Usiguse Hata Ukucha

Nitasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu: mikono ya wifi yangu niliisafisha mimi. Siyo kiwanda, siyo manispaa, siyo shetani. Mimi, kwa mkono huu huu wa kulia, nimekaa kwenye kiti changu na kikombe cha chai pembeni. Anayetaka kunicheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Studio hii niliachiwa na baba. Ni chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli inayolia ukiikalia, taa mbili, na kioo ambacho watu hukigombania kuliko picha yenyewe. Juu ya mlango baba aliandika kwa rangi nyekundu: HAPA HUTOKI MBAYA. Na kweli hutoki mbaya. Ukija na chunusi, unatoka huna. Ukija na kovu la utotoni, utajitazama kwenye picha udhani ulilelewa ndani ya pamba. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hiyo, na kabla ya kompyuta baba aliifanya kwa wino na brashi yenye nywele tatu. Fungua pochi za watu wa mji huu, angalia vitambulisho vyao, utakuta sura nilizoziosha mimi.

Tuna utaratibu wetu, na ndio ulioniumbua, kwa hiyo ushikeni vizuri. Nikishakupiga, nakutolea hapo hapo picha ndogo ya karatasi, haijaguswa na mtu. Sisi tunaiita mbichi. Nakupa kalamu nyekundu, unazungushia duara kila usichokipenda: kipele hiki, mkunjo huu, jino lile. Unageuza nyuma, unaandika neno lako kama unalo, unatia sahihi, na mimi nagonga muhuri wa studio wenye tarehe. Baba alianzisha mambo hayo baada ya bwana mmoja kuja kumfokea kwa kumfuta doa la shavuni, kumbe doa lenyewe mkewe alikuwa analipenda. Tangu siku hiyo hakuna mbichi inayotupwa. Zote zimo kwenye makopo ya biskuti, mwaka kwa mwaka, yamepangwa mpaka yanagusa dari.

Sasa, wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, anamzidi miaka minne, na tangu niolewe tunataniana mpaka wasiotujua hudhani tunagombana. Mimi humwambia ana sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye huwaambia watu kwamba kaka yake alinichumbia siku umeme umekatika. Ana kitalu cha miche kando ya mto, nyuma ya mtaa wetu. Kwa miaka kumi na moja anaingia mtoni na ndoo yake, anatoa plastiki, anatoa magodoro, kuna siku alitoa friji zima na mlango wake. Pale ukingo ulipokuwa unamomoka alipanda miti mpaka udongo ukashika. Hakuna aliyemtuma. Tulianza kumwita Mama Mto kwa kumcheka, na jina likamganda hata likawa la heshima.

Halafu kikafunguliwa kiwanda cha ngozi huko juu. Kwanza ikaja harufu, likafuata povu, mwisho ikawa zamu ya mikono ya wifi. Ngozi ilianza kubanduka katikati ya vidole. Kucha zikageuka kahawia. Kwenye viganja yakatokea mabaka mekundu yasiyosikia mafuta wala dawa. Akaandika malalamiko manispaa, akaandika tena, akaandika mara ya tatu. Kiwanda nacho kikapeleka ombi lake: kinataka kupitisha bomba la pili la maji machafu, na njia waliyoichora inakata katikati ya kitalu. Kamati ikasema itasikiliza yote mawili siku moja. Wifi akisikilizwa, bomba halipiti na maji yanapimwa. Asiposikilizwa, miche yote inang'olewa na yeye anabaki na jina la mwongo.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, Afisa Mazingira wa manispaa alinijia studio. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapokusalimia. Alitaka picha kubwa za watu kumi na wawili wa hapa hapa wanaolinda mazingira, zitundikwe kwenye ukumbi wa manispaa, watu wapite wawaone. Nilifurahi hadi nikasahau kumpa kiti. Maisha yangu yote nimepiga watu wanaotafuta kibali cha kitu fulani. Hawa nilitakiwa kuwapiga kwa sababu ya walivyo.

Nikawafuata walipo. Mfuga nyuki aliyekataa kata kata kuwauzia wachoma mkaa miti yake alisimama katikati ya mizinga, ameng'atwa juu ya jicho, na kwenye mbichi akazungushia uvimbe duara kubwa. Mwalimu mstaafu anayehesabu ndege na kuwaandika kwenye daftari alitaka nimsafishie miwani tu. Muuza samaki, yule anayerudisha wadogo majini huku wenzake wakimsonya, alizungushia magamba kwenye aproni yake, kisha akakata duara na kuandika pembeni: yaache, ndiyo kazi yangu. Niliwapenda wote.

Wifi nilimpiga mtoni, asubuhi. Aliingia mpaka magotini, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya kamera, viganja juu, kama mtu anayedai chake. Nikamwambia aishushe, maana siku hiyo uso wake ulikuwa umekaa vizuri sana. Akanijibu kwamba uso hauna malalamiko, mikono ndiyo yenye malalamiko. Nikapiga. Tuliporudi studio nikatoa mbichi, nikampa kalamu. Hakuzungushia kitu. Aligeuza nyuma akaandika kwa herufi kubwa: USIGUSE HATA UKUCHA. Akatia sahihi. Afisa Mazingira alikuwa pale, na kwa kuwa kazi ni yake, naye akatia sahihi chini. Nikagonga muhuri, nikaitia koponi.

Sasa niulizeni kwa nini niligusa.

Sina jibu la maana. Siku tatu nilikaa kwenye kompyuta nawasafisha wale wengine kama walivyozungushia, na nilipomfikia yeye mkono ulikuwa umeshakolea. Nikamkuza kwenye kioo cha kompyuta. Kila baka likawa ukubwa wa sahani. Nikaumia, jamani, acheni niseme ukweli, niliumia. Nikawaona wakubwa wakipita ukumbini, wanamtazama wifi yangu na kukunja pua. Nikasema moyoni, huyu hachekwi, huyu ni wa kwetu. Nikafuta baka moja. Ukishafuta moja, la pili ndilo linaloonekana zaidi. Nilipoinua kichwa alikuwa na mikono ya bibi harusi, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikajipongeza. Nikachapa, nikapeleka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba manispaa iligawa zile picha kwa waliofadhili maonyesho, na mfadhili mkubwa alikuwa nani? Kiwanda cha ngozi.

Siku nne kabla ya kamati, mume wangu alirudi nyumbani kimya. Huyu ni mtu anayeanza kulalamikia njaa tangu mlangoni, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Akaniambia tu niende nikaangalie lango la kiwanda. Nikaenda. Bango lilikuwa refu kuliko nyumba yetu. Wifi yangu, majini, mikono mbele, viganja vinang'aa, na chini yake maneno meupe: MAJI SALAMA, MIKONO SALAMA. Nikashika ukuta.

Niliporudi studio nilimkuta ananisubiri. Alikuwa amekaa juu ya stuli, ametulia mno hata stuli hailii. Msemaji wa kiwanda, tunayemwita Suti kwa sababu hata kwenye jua kali haivui, alikuwa ameshawaandikia wanakamati. Barua ilisema kwamba picha ilipigwa wiki tatu tu zilizopita na mikono ni mizima. Kama leo imeharibika, basi mama huyu amejipaka kitu ili akichafulie kiwanda jina. Wifi alinisomea barua yote, taratibu, mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Natamani angepiga.

"Miaka yote hii naingia kwenye yale maji," alisema. "Kiwanda kimenichuna ngozi, lakini hakikuweza kunifanya mwongo. Wewe umeweza."

Nikaanza kujikosha. Nikamwambia nilitaka apendeze, nilitaka wasimdharau. Aliniacha nimalize, akasimama, akaikunja barua yake.

"Mimi mikono yangu siionei haya. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaionea."

Akaondoka. Hakunitania hata kidogo. Tangu niolewe, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuachana naye bila neno la kuchekesha, na nililia mpaka mteja aliyekuja kupiga picha akageuza akarudi alikotoka.

Kesho yake Suti akaja mwenyewe. Alikaa, akasifu pazia. Akanikumbusha kwamba vitambulisho vya wafanyakazi wote wa kiwanda napiga mimi. Kisha akaifikia hoja. Anaujua utaratibu wangu kwa sababu naye ni mteja wangu, na siri za wateja sisemi, ila kila mwaka kalamu nyekundu inazunguka upara. Alisema bila shaka ipo mbichi ya mama wa mtoni, na ingekuwa vyema kiwanda kiihifadhi. Nikamuuliza kwa nini niwape. Akatabasamu kama daktari wa meno. Akasema anafikiria jina la studio tu. Watu wakisikia mteja aliandika usiguse na mpiga picha akagusa, nani atamletea tena uso wake?

Hapo alinipata. Sitadanganya, alinipata. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, na yeye akaichukua na kuniwekea juu ya meza. Nilichonacho duniani ni mkono wangu na watu kuuamini. Mbele ya mji mzima niseme mimi ni wa kuandikiwa usiguse nikagusa? Baba angegeuka kaburini.

Lakini yule bwana alikosea kitu kimoja. Alipokuwa anatoka aliangalia juu ya mlango, akasoma maandishi ya baba, akacheka. Akasema, "Endelea hivyo hivyo, Mama Studio. Wewe ni mwenzetu."

Mwenzetu! Mpaka dakika ile nilikuwa na aibu. Alipofunga mlango nikawa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nafanya kazi vizuri zaidi. Nilipanda juu ya stuli, nikashusha kopo la mwaka huu, nikapekua. Ilikuwepo. Ndogo, haizidi kiganja, mabaka yote yapo, maandishi yote yapo nyuma. Potelea mbali, nikasema. Jina langu na liende.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Picha zangu kumi na mbili zilikuwa ukutani, kila moja ina urefu wa mita, na ya wifi ndiyo ilikuwa nyuma ya mwenyekiti, juu kabisa, sijui nani aliipanga hivyo. Mwenyekiti ni mama mmoja mzito wa maneno, miwani yake inaning'inia kwa kamba. Wifi alikaa mbele na wenzake wa kitalu. Aliniona nikiingia, akageuza uso.

Suti alizungumza nusu saa. Kila alipokosa hoja alinyoosha kidole kwenye ile picha. Wifi alipoitwa alisimama, akainua mikono yake watu waione, na ukumbi ukaguna. Suti akasema kwa upole kabisa kwamba anampa pole mama, ila aulizwe alijipaka nini, maana ushahidi wa manispaa yenyewe uko ukutani. Nikawaona watu wanatazama juu, wanatazama chini, wanatazama juu tena. Kuna mzee mmoja mbele yangu alitikisa kichwa kwa masikitiko, na nilijua anamsikitikia nani.

Nikasimama. Mwenyekiti akauliza mimi ni nani, nikasema ni mpiga picha. Akatazama karatasi yake akasema simo kwenye orodha ya wasemaji.

"Picha yangu nayo haimo," nilimjibu, "na imeongea nusu saa. Naomba dakika tano niijibu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini aliweka kalamu chini, nikachukulia ni ruhusa. Nikapita mbele. Nikasema ile picha iliyo nyuma yake ni ya uongo, na uongo wenyewe niliutengeneza mimi. Nikaeleza yote: mto, mbichi, kalamu nyekundu, kompyuta. Nikasema mikono ya mama huyu siku ile ilikuwa vile vile kama mnavyoiona leo, na mimi niliifuta kwa sababu niliona haya kwa niaba yake bila yeye kuniomba.

Suti akainuka haraka. Alisema ni jambo la kusikitisha, lakini aliyeweza kusafisha picha anaweza pia kuichafua, na mpiga picha huyu ni wifi wa mlalamikaji. Tumwamini lini, jana au leo?

"Msiniamini," nikasema. "Mimi nimeshajiharibia. Aminini karatasi."

Nikatoa mbichi kwenye bahasha, nikampa mwenyekiti. Akavaa miwani. Alitazama mbele muda mrefu, akageuza, akasoma tarehe ya muhuri kwa sauti, kisha akasoma maneno ya wifi. Ukumbi mzima ulisikia: usiguse hata ukucha. Nikamwambia chini kuna sahihi ya pili, na mwenyewe yumo humu ndani.

Sikumtaja. Nilimtazama tu. Afisa Mazingira alikuwa amekaa kwenye safu ya maofisa, anachezea kifuniko cha chupa ya maji. Alikizungusha, akakizungusha, na mimi nikawaza, huyu akikaa kimya tumekwisha, mimi na wifi yangu na miche yake yote. Bosi wake alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Kisha akakiweka kifuniko juu ya meza na kusimama.

"Ni yangu," alisema. "Niliiona mikono yake siku ile. Ilikuwa hivyo hivyo."

Mwenyekiti akamuuliza kwa nini muda wote huo amekaa kimya. Akasema hakuulizwa. Watu walimzomea, na sawa, alistahili, lakini mimi namkumbuka kwa kusimama.

Halafu mwenyekiti akanigeukia. Aliniuliza kama ameelewa vizuri: mteja aliandika nisiguse, nami nikagusa? Nilimwona dobi wa mtaa wetu, niliyempiga picha za harusi. Nilimwona mwalimu wa ndege. Nusu ya ukumbi ule nimewahi kuwaosha nyuso.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti, hata wa madirishani wasikie. "Na naomba iandikwe hivyo hivyo."

Katibu akaandika. Akaichukua mbichi, akatoa nakala kwenye mashine, akanirudishia. Wanakamati walitoka wakashauriana, na waliporudi mwenyekiti akasoma: bomba la pili halitapita, maji ya mto yatapimwa na watu wasiotoka kiwandani, bango la langoni lishuke kabla ya jua kuzama. Hatukupewa yote. Kiwanda bado kipo na povu bado lipo, na hayo majibu ya vipimo tunayasubiri kila Jumatatu mlangoni kwao, watu thelathini, mpaka watuchoke. Vitambulisho vya wafanyakazi vilihamishiwa studio nyingine. Viende salama. Na wapo wateja wanaopita mbele ya mlango wangu wakiangalia upande wa pili. Wengine wameanza kuandika nyuma ya mbichi zao, ukurasa mzima, na mimi nasoma kila neno.

Lakini siku ile, kabla watu hawajatawanyika, nilivuta kiti cha mwenyekiti. Mlinzi akaniuliza nafanya nini, nikamwambia nachukua mali yangu. Nikapanda, nikaishusha ile picha ya mita nzima pamoja na fremu yake, nikaiegemeza ukutani, uso ndani. Pale kwenye msumari nikaitundika mbichi, kwa kuitoboa pembeni. Ukuta mkubwa, na kitu kidogo kama kiganja. Nikateremka nikikiacha kiti pale pale chini yake. Mlinzi akamtazama mwenyekiti.

"Iacheni," mwenyekiti akasema.

Kwa mbali hukuona kitu. Ilibidi usogee, upande kiti, uinue shingo. Basi watu wakajipanga mstari, mmoja mmoja, wanapanda, wanatazama mikono, wanashuka. Mfuga nyuki alipanda. Muuza samaki alipanda na aproni yake, akakaa juu muda mrefu hadi wa nyuma wakanung'unika. Mume wangu alipanda, akashuka akijifuta macho, akasema vumbi.

Wa mwisho alikuwa wifi. Alinipita bila kunitazama, akapanda kiti, akajiangalia. Kisha kwa vidole vyake vinavyobanduka akaigeuza karatasi, akasoma maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Mimi nimesimama chini, nimeshika mgongo wa kiti asianguke.

Akageuka akanitazama kutoka juu.

"Kumbe unajua kusoma," akasema.